Siku Niliyompiga Mtani Mwiko

Mume wangu Shabani,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Kiwalani tu wazima. Mama yako anakusalimu, na jogoo wako bado anagombana na majirani. Nimefurahi kusikia wiki ya tatu sasa hapo kituoni walikokupeleka kwa kupigana shuleni hujampiga mtu.

Umeniuliza kama na mie nilikuwaga na hasira. Weee! Baba yangu alipofariki nilikuwa na umri kama wako. Mtani wetu, Mnyamwezi, akaja msibani kavaa kanzu ya marehemu, anatembea kama yeye na kudai pilau. Watu wakacheka. Mie nikampiga mwiko wa kichwa mbele ya wote. Mtani hapigwi, mume wangu. Kutania msibani ndiyo kazi yake. Nikasubiri anirudishie. Yeye akakaa mkekani karibu yangu, akasema taratibu, "Hata mie nimemkumbuka, mwanangu."

Hapo ndipo nikalia, mara ya kwanza tangu tumzike.

Baba yako naye katutoka mwaka jana, na sijakuona ukilia. Walimu wakikuuliza nani kakuudhi, waambie unamkumbuka nani.

Mkeo,
Bibi Mwanahawa