Mikono Yangu Imerudi, Mama

Baraka, siku ya soko

Mama yangu mupendwa,

Jambo yako, na jambo ya bote pale Kalemie. Goti yako inaendelea namna gani? Mvua iliacha mihogo, ao ilibeba yote? Neema akikusomea hii barua, asome polepole na asiruke mahali. Ku simu unanikatizaka na maswali, na hii habari haitaki kukatizwa. Mi niko muzima. Namushukuru Mungu, na kisha namushukuru shangazi ya Riziki, ule mama nilikuwa namuogopa kuliko nyoka.

Riziki unamujua kwa sauti, njo muchumba wangu mwenye anakusalimiaka ku simu. Kwao ni Fizi, kule juu, na sisi ba pikipiki tunatoka huku Baraka tunapanda mawe mpaka kule. Siku ya kujionyesha kwa bazazi yake nilivaa shati ya pasi, nikapanda. Barabara ilinitetemesha mpaka meno. Kufika, vidole vyote vilikuwa vimekufa ganzi. Muzee, baba ya Riziki, alikuwa ametoka ku ibada, akanipatia kikombe ya chai kwa mukono yake mwenyewe. Mama, niliona kikombe iko mu vidole vyangu, lakini sikuisikia. Ikaponyoka. Chai yote ikaishia ku suruali ya muzee, ile ya kanisa.

Shangazi akasema mbele ya batu bote: "Uyu anakunywaka lutuku. Angalieni mikono." Nikaapa kama sijagusaka pombe. Nani atasikiliza muntu mwenye ametoka kuunguza mukwe wake? Muzee akasema polepole, na ile upole iliniumiza kuliko kelele: "Kijana, mutoto wangu siwezi kumupatia muntu mwenye mikono ya vile. Siku moja utamuangusha ku barabara. Rudi kwenu." Riziki alilia jikoni. Mi nililia ku pikipiki, upepo ukanisaidia kukausha.

Nikafikiri ni baridi ya asubuhi. Nikavaa glavu nzito, nikashika gido, ile usukani ya pikipiki, kwa nguvu zaidi. Ikazidi. Ata kifungo ya shati, ni mwenzangu wa chumba alikuwa ananifungia. Benzangu ba parking bakasema kuna muntu amenitupia dawa, bakanitafutia muzee wa kunichanja ku viganja. Nilikataa. Unajua mi na wembe.

Kisha shangazi akashuka Baraka kununua ndagala, samaki ndogo za ziwa. Pikipiki zilijaa pale, akanichagua mi. Nilifikiri ni huruma, kumbe alitaka kuninusa. Tukiondoka tu nikasikia pua yake karibu na shingo. Hakukuta pombe, alikuta jasho. Njo akaanza kuangalia namna naendesha. Mbele ya kilima akanipiga ku bega: "Weye, unaendesha ao unanyonga kuku? Mabega yako imefika ku masikio."

Tukasimama. Kamba ya gunia ya ndagala ilikuwa imelegea, nikajaribu kuifunga, vidole vikakataa. Akashika kiganja changu, akafinya na ukucha.

"Unasikia?"

"Hapana, shangazi."

Akafinya tena, sasa kwa hasira kabisa, ananiangalia mu macho. Akaona sikushituka, akaachilia kiganja. Kisha akauliza: "Mama yako anatwangaka majani ya sombe?"

"Anatwanga."

"Anaminya mutwango vile unaminya hii gido?"

Nikakukumbuka ku kinu, Mama, vidole vyako vimelegea ku muti, unauacha uanguke wenyewe. Shangazi akasema: "Basi. Shika tu isikukimbie. Na hii chuma yako inalia kama debe, ipeleke kwa fundi."

Fundi alikuta bulo, zile skurubu za kushika injini, zimelegea, na tairi ya mbele nimeijaza upepo mpaka imekuwa jiwe. Akakaza, akapunguza. Akafunga lastiki, mupira ya ndani ya baiskeli, ku gido, akashusha mukono ya freni ili kifundo cha mukono wangu kisikunjike. Sasa tanki naibana na magoti, ku mawe nainuka kidogo, na nikichoka nasimama nakung'uta mikono, baklient bale nabeba banacheka. Hisia ilirudi pole pole, kwanza kama siafu, kisha kweli kweli. Kifungo najifungia mwenyewe.

Unisalimie Neema mudogo wangu, na baba mudogo mwenye anatuchungia mbuzi, na ule mama jirani mwenye anakuchoteaka maji wakati goti inakataa. Umwambie sijamusahau.

Neno moja nimeiacha kwa mwisho, juu nilijua ukiisikia mbele hautasikiliza ingine. Shangazi alienda kwa muzee, akasema mbele ya bale bale batu: "Ni mi nilisema anakunywa. Nilimuonea." Mama, ni mukubwa gani anarudiaka neno yake vile? Mpaka leo nikimuona nakosa namna ya kumushukuru.

Muzee akaniita. Nilipanda nikijua kama akikataa tena, Riziki nimemupoteza. Hakuniuliza kitu. Alinyoosha mukono, akashika wangu, akakawia nao. Nilisikia yote: ngozi ngumu ya jembe, joto, kidole moja yenye haikunjamake. Nami sikuminya, nilimushika vile bantu banashikanaka. Akageukia batu bake, akasema: "Uyu ni muzima. Mama yake iko wapi?"

Mama, banakungojea.

Mutoto wako,
Kashindi