Kitabu Tulichokikata kwa Wembe

Kwako Papa, baba yangu, uliyekataza watu wasije,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, na najua ungekunja uso. Nianze na swali ulilozoea kuniuliza kila asubuhi, na nilijibu kweli, kwa sababu ulichukia majibu ya adabu. Najisikiaje? Sihisi kitu. Paluku kaka yangu amekulilia mpaka macho yamevimba. Mimi nimechemsha chai, nimefagia vumbi la barabarani lililoingia sebuleni, nimekunja mashati yako nikayapanga kwa rangi, kazi ambayo hukuniomba na haina maana yoyote sasa. Mikono inafanya kazi zake, mimi mwenyewe sipo.

Unakumbuka jinsi kitabu kile kilivyoingia humu nyumbani? Padri mzee alikuwa anafunga virago kurudi kwao, akakugawia alichoshindwa kubeba. Kilikuwa cha Kifaransa, kinene, na kwa muda kilikuwa na kazi moja tu, kuzuia mlango wa depo, ghala lako la viazi na maharage, usigongwe na upepo. Siku moja viazi vya Lubero vilichelewa njiani kwa sababu ya matope, ukakosa la kufanya, ukakiokota. Jioni hukutaka kula. Ulinisomea kwa sauti habari za fundi wa kengele aliyeukataa mji wake mzima, kwa sababu kamati ya kanisa ilitaka kumfundisha kengele yake ilie vipi. Akabeba vyombo vyake akaenda kuishi peke yake mlimani, na huko akatoa hotuba ndefu, Papa, ndefu kuliko Misa ya Pasaka, kwamba nguvu za mtu ni zake mwenyewe na hakuna awezaye kuzidai.

"Masika," ukaniambia, "huyu mutu ananijua."

Nilijua alikokujulia. Mama alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, wakati wa Ebola. Alizikwa na watu waliovaa meupe kutoka kichwani hadi miguuni, na sisi tukasimama ng'ambo ya barabara. Uliporudi ulitoa viti vyote uani ukavipanga, vile vya mbao na vya plastiki, ukakaa ukingoja. Majirani walifunga milango. Hata Hadji, rafiki yako wa magari ya Beni, hakufika. Nilikueleza kwamba watu waliogopa, kwamba walikatazwa, kwamba hata sisi tungeogopa.

"Najua," ukanijibu, ukatia ile lakini yako ya Kifaransa. "Mais viti vilibakia bule."

Ukavirudisha ndani kimoja kimoja, hukutaka nikusaidie.

Basi ulipompata mtu wa kwenye kitabu asiyehitaji kiti cha mtu yeyote, ulitaka kila mtu amsome. Nakala ilikuwa moja. Ndipo ukafanya jambo ambalo Madame Kahindo, mwalimu wa Kifaransa, hajakusamehe mpaka leo: ulikilaza kitabu juu ya mizani ya maharage, ukakikata vipande kwa wembe. Mimi nikashona kila kipande kwa sindano ya gunia na uzi wa nailoni, kama ulivyonifundisha kufunga magunia tangu utotoni. Kila msomaji akapewa kipande akasome kwake, na Jumapili baada ya Misa tukutane depo, tubadilishane na tuzungumze.

Kuzungumza! Tuliwahi kuzungumza lini? Tulizozana. Kosa lilikuwa letu wenyewe, kwa sababu kila mmoja alianzia mahali pake. Hadji alichelewa siku ya kugawa, akapata kipande kilichobaki, yaani mwisho. Alimhukumu fundi wa kengele kabla hajajua alitoka wapi.

"Mzee, ule mutu wako anakufa yeye moya, peke yake," alikuambia, akipiga goti lake kwa kiganja. "Hakuna hata mutu wa kumufungia macho! Ile ni sifa?"

"Anakufa mutu huru," ukamjibu.

"Huru na macho wazi!"

Madame Kahindo alianzia katikati, pale fundi anapokataa kwenda kwenye harusi ya dada yake kwa sababu shaba imeshayeyuka na haingoji. Alimchukia mtu huyo, lakini sentensi zake alizikariri. "Ni mubaya," alisema, "mais anaandikwa muzuri, na ile njo inaniuma." Paluku alikuwa upande wako, alikuwa na umri wa kupenda hotuba. Mimi nilikuwa nimevisoma vipande vyote kwa kuvishona. Uliponibana nitoe maoni, nilisema kwamba katika kurasa zote zile hakuna mtu hata mmoja anayeugua. Hakuna anayeletewa uji. Uliinuka ukaenda kupima maharage.

Kipande cha kwanza hukukitoa mkononi. Wengine walibadilishana, wewe ulibaki na mwanzo wako, fundi anatoka mjini alfajiri na vyombo begani, hana deni wala buriani. Hadji alikubembeleza usome mwisho. "Mwisho naujua," ulimwambia. Baadaye barabara ya Beni ikazidi kuwa mbaya, watu wakawa wanauawa njiani na mashambani, mikutano ikalegea, na kila mmoja akabaki na kipande chake.

Ulipougua uliniita ukaniagiza. "Siku yangu ya kuzikwa, batu basikuje. Padri, weye, Paluku. Kisha mufunge lango." Nikakubali. Ungeomba maji ningekubali vilevile, nilikuwa nakuitikia tu ili upumzike. Macho yako niliyafunga mimi. Nilikumbuka maneno ya Hadji nilipokuwa nayafunga, na hata hapo sikulia.

Tulikuzika ulivyotaka. Tukafunga lango, Paluku akatia ufunguo mfukoni, na nyumba ikawa kimya kama ulivyoagiza. Watu walipita wakiangalia juu ya ukuta, kisha wakaendelea na safari zao. Niliona mambo yote yamekwenda sawa, nikashangaa mbona naogopa kuingia uani.

Asubuhi ya Jumanne lango likagongwa. Alikuwa Hadji. Amekuja kwa barabara ile ile uliyomkataza asipite tena, kanzu nyekundu kwa vumbi, na kipande chake amekifunga katika mfuko wa plastiki.

"Papa alikataza matanga," Paluku akamwambia kupitia upenyo.

"Sikuje kwa matanga," Hadji akasema. "Ninarudisha kitabu ya mwenyewe. Ile alikataza?"

Paluku akanigeukia. Unamjua, ukimpa sheria ataishika mpaka kucha zing'oke. Nikamwambia afungue. Mtu aliyetoka Beni na kitabu cha watu hasimamishwi langoni, na mtu aliyeingia hasimamishwi uani, kwa hiyo nikamtolea kiti.

Hajakaa vizuri, akaja Madame Kahindo. "Nimeleta ya katikati," akasema, wala hakutaja jambo lingine. Nyuma yake fundi cherehani wa jirani, ambaye sidhani aliwahi kumaliza ukurasa wa pili. Kisha wale kina mama wa viazi uliowapa kipande kimoja wasomeane. Kila mmoja na chake mkononi, na hakuna hata mmoja aliyetamka neno pole. Niliendelea kutoa viti. Vya mbao vikaisha, nikatoa vya plastiki.

Waliniambia kitabu hakirudishwi kikiwa vipande, nikishone kiwe kimoja. Nikaleta sindano ya gunia. Nilipokuwa nashona wakaanza. Madame Kahindo akasema wembe wako ulikuwa dhambi. Fundi cherehani akasema ulifanya vizuri, hotuba zile zinahitaji kukatwa. Paluku akakutetea, sauti yako hiyo hiyo, hata kidole kile unachoinua. Hadji akasimama akamtukana fundi wa kengele kama mtu aliye mbele yake. "Kichwa nguvu!" akapiga kelele. "Nani alikuambia siwezi kuja? Nilikuwa naogopa! Niliogopa, Mzee! Kwa sababu ya ile, mutu anafunga lango miaka yote?" Akawa analia wazi, kamasi na machozi, na bado anajifanya anazungumzia kitabu. Wote walitazama chini. Mimi niliinua macho nikaona uani, na hapakuwa na kiti kitupu.

Nilijichoma kidole kwa sindano, nikahisi. Ni kidogo, Papa, lakini nakuambia kwa sababu uliuliza.

Sijui kama nimevunja agizo lako. Paluku anasema hatukuvunja, kwa kuwa hakuna aliyeimba wala kuwasha moto. Mimi nadhani tumelivunja vibaya sana. Ungetoka chumbani ukawafukuza, na ungewafukuza polepole, ukianzia kwa yule anayekaa mbali na Hadji, ili Hadji abaki wa mwisho.

Jua lilipogeuka kitabu kilikuwa kimeshonwa, kimepinda na kimevimba kwa uzi, kina katikati na kina mwisho. Mwanzo hakuna. Madame Kahindo akauliza kipande chako kiko wapi. Nikasema sijakiona. Nikasema nyumba ni kubwa na mzee alikuwa na makaratasi mengi, nitatafuta, waje Jumapili baada ya Misa tukimalize. Hadji akasema atalala kwa ndugu zake hapa Butembo mpaka hiyo Jumapili. Wakaondoka wakibishana mpaka barabarani, na Paluku akasahau kufunga lango.

Kipande chako nilikificha chini ya mashati niliyoyakunja. Nimekilazia mkono muda wote huu ninapoandika. Jumapili nitawaambia bado natafuta, waje tena inayofuata.

Usinikasirikie, na kama huwezi, kasirika. Nimekuachia kiti chako, nainuka sasa.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Masika