Usingizi wa Chanay

Jumatatu, 4 Februari 2019

Sikupata lepe la usingizi. Chanay naye hakupata, ila yeye asubuhi anarukaruka, mimi ndiye maiti. Kwanza lebo ya gauni la kulalia inamkwaruza. Nikaikata. Halafu friji linanguruma. Nikalizima. Halafu anataka kwenda kuwaona kuku. Kuku! Ana miaka sita sasa, na tangu nimchukue kwa mdogo wangu Rosline hajalala usiku mzima.

Kazini nikasinzia nimesimama, mkasi mkononi. Msimamizi wetu, Sarie, akauliza napaki zabibu au naota harusi. Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, nitafanyaje.

Jumatano, 6 Februari

Zahanati. Nesi kanieleza tena kama vile mimi mgeni: pombe aliyokunywa Rosline akiwa na mimba ndiyo iliyoharibu ubongo wa mtoto, na usingizi umeharibikia humohumo. Najua, nesi. Nataka dawa! Dawa hakuna, labda mwezi ujao. Nifuate ratiba — kuoga, giza, kimya. Kimya, kwenye nyumba hizi za shamba, jirani akikohoa tunamwambia pole! Ratiba ninayo. Chanay ndiye hana habari nayo.

Ijumaa, 8 Februari

Nimesinzia tena. Boksi zima la zabibu chini. Sarie leo hakutania. Akanivuta pembeni: Katriena, dada yangu, nakupenda, lakini nikikukuta tena hivi usirudi, wenzio wamejaa getini wanasubiri nafasi. Nikikosa msimu huu, wakati wa baridi tutakula nini?

Dawid anasema labda tumkabidhi mtoto kwa ustawi wa jamii. Mume wangu huyu kasema kwa upole, ndiyo maana nimekasirika zaidi.

Jumapili, 10 Februari

Amelala! Usiku mzima! Kengele ya kanisa ndiyo iliyoniamsha. Nikakimbia kumtazama kama anapumua. Usingizi wa pono, mdomo wazi. Nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Mama mkwe, Siena, yuko kwetu tangu jana. Alikuwa jikoni anatabasamu peke yake. Nikamuuliza, mama, umemfanyaje? Kijiko tu cha mvinyo mtamu kwenye chai yake, akasema, ndivyo alivyokuwa akimlaza Dawid.

"Sote tumelelewa hivyo, mwanangu."

"Ndiyo mama, na tujitazame sote tulivyo."

Mvinyo! Kwa mtoto huyu, katika watoto wote! Akanitazama hivi, akasema: na wewe unamlaza kwa kitu gani, kwa ratiba? Nikaosha kikombe cha Chanay mara mbili.

Jumatatu, 11 Februari

Mama mkwe karudi kwake. Chupa kaiacha kabatini. Dawid kabla ya kwenda zamu kaniuliza kama nimeimwaga. Nikasema ndiyo. Bado ipo, nyuma ya unga.

Chanay yuko juu ya meza, hana nguo, anaimba. Kuoga kakataa. Jirani kagonga ukuta. Kesho Sarie atakuwa ananitazama mimi tu. Namchukia Rosline. Namchukia nesi. Huyu mtoto simchukii, lakini leo nimemfinya, na kabla ya leo sikuwahi kumfinya.

Kashuka mezani. Kanishika sketi.

"Mama mkubwa, nitengenezee chai ya bibi. Nataka kulala."

Hajawahi kuomba kulala maishani mwake. Kikombe kakileta mwenyewe. Kakaa sakafuni, kimya, ananisubiri nimalize kuandika —