Nilisema Kwanza, Ngrandu Nzima Ikaitika

Mama Mshauri, pokea heshima zangu, mimi ni Sastrowiyono wa kitongoji cha Ngrandu, nina miaka themanini na tatu, nimewaona Wajapani wakija na wakiondoka, nimewazika ndugu zangu wote saba na mafahali kumi na mmoja, na kwa kukata majani ya ng'ombe bado hakuna wa kunishinda, ila hili limenikalisha chini, naomba unisaidie.

Kwenye mkutano wa kupanga maendeleo nilisema kwanza, ni haki yangu kwa umri, nikasema bomba la maji lianzie kwenye bwawa alilochimba babu yangu, wote wakaitika “inggih, Mbah”, ndiyo mzee, karani akaandika, tukala mihogo, tukaondoka.

Wiki iliyofuata wanawake wakaambiwa nao wachore kitongoji, wakakichora uani kwangu kwa majivu. Nikamtania mkamwana wangu Yuliati, “Mwanangu, hiyo ramani au mnaita kuku?” Akasema, “Baba, sogea kidogo, umekanyaga nyumba yako.” Wakacheka.

Nikatazama chini. Mama, kila mlango ulikuwepo, kila kaburi, kila jiwe la kupumzikia, na kutoka kila mlango mstari wa punje za mahindi, punje moja safari moja ya maji wakati wa kiangazi, na mistari yote ilikwenda pango la Sengir, kule kwenye ngazi ya mianzi. Bwawani kwetu hapakuwa na punje hata moja. Nimeona mlima ukitema moto, lakini nywele hazikunisimama vile. Nikavua kofia.

Mstari wa mlangoni kwangu ulikuwa mnene kama kamba ya ng'ombe. Nikauliza ni wa nani. Mke wangu Tumini alikuwa anamenya mihogo, hakuinua kichwa. “Wangu. Bwawa lako hukauka mwezi wa saba.”

“Mbona hamkusema mkutanoni?”

“Ulikuwa umeshasema.”

Jumatatu mpango unapigwa mhuri. Nikiyakana maneno yangu watasema nimezeeka akili, nikinyamaza bomba litakuwa kavu. Je, nikijifanya mgonjwa, si watasema wenyewe? Kama huniamini muulize Yuliati, muulize karani Suparjo, na Tumini pia, ila yeye muulize nikiwa sipo.

JIBU

Mzee Sastro, shikamoo, na ugonjwa wako wa Jumatatu uache nyumbani. Usipokwenda, neno lako litakaa kwenye kiti chako, na huko kwenu nani atalipinga? Uliyewafunga watu midomo ni wewe, hata kama hukukusudia. Lakini mtu aliyevua kofia mbele ya majivu hajazeeka akili, kwa hiyo acha woga.

Kesho alfajiri beba madumu, mfuate Tumini hadi Sengir, ushuke ngazi ile kwa miguu yako na upande na maji. Jumatatu simama kwanza, useme maneno mawili tu: “Bwawa hukauka. Nilikosea.” Pango usilitaje, maana ukilitaja wataitika tena bila kufikiri. Kaa. Na Tumini akisimama kueleza, usimsaidie hata neno moja.