Tundu Kwenye Ua wa Kalolaine

Jumanne, 7 Juni
Nguruwe wangu jike katoboa ua. Bati moja limeoza, tundu la kupita ndoo. Mke wangu Lavinia kasema nizibe leo leo. Kesho, nikamjibu. Nina mazoezi ya kwaya – bila besi yangu hawaimbi!

Jumatano, 8 Juni
Alfajiri nimemkuta nguruwe nje, pua nzima udongo wa shamba. Nimemswaga ndani, nikaziba kwa bati jipya na seng'enge juu. Sijawahi kufanya kazi upesi hivi.

Baadaye kelele. Viazi vikuu vya jirani yetu Semisi vimefukuliwa, mistari mitatu – vile vya kumpelekea chifu! Kwangu hakuja. Alimkuta nguruwe wa Mama Kalolaine ufukweni, maji yamekupwa, anachimbua kome kama kila asubuhi. Panga, papo hapo. Mjane wa watu akalia: namfungulia mwenyewe kukipambazuka, usiku hatoki! Wewe mwongo, Semisi! Semisi akacheka. "Ua wenyewe mawe ya marehemu, mama. Utakosaje tundu?"

Nilikuwepo. Nilitazama miguu yangu.

Alhamisi, 9 Juni
Semisi kaleta paja, jirani hasahauliwi. Ni yule nguruwe aliyefugwa kwa harusi ya Lupe, bintiye Kalolaine. Nimekula. Nimekula!

Jumapili, 12 Juni
Mchungaji kasema kila mtu ajenge ua kama wa Feleti. Kanisa zima likanigeukia. Lavinia hakugeuka. Anajua.

Jumatatu, 13 Juni
Kalolaine kaja. "Mwanangu Feleti, fundi wa ua ni wewe. Nitafutie hilo tundu, mimi silioni."

Tumezunguka mara mbili, anapapasa mawe aliyopanga mumewe, moja moja. Hakuna tundu. Hata kifaranga hapiti. Ningesema hapo hapo, nguruwe wangu angelipa, harusi ingefanyika. Alipoinama nikasukuma jiwe kwa goti. Likaanguka. Hili hapa, mama, nikasema. Mimi! Naona aibu hata kuliandika.

Alilishika lile jiwe. Kisha akasema basi kamwonea Semisi, kamwita mwongo mbele za watu, lazima akamwombe radhi. Nimsindikize, niwe shahidi wa tundu.

Yuko nje sasa, kajifunga kiunoni mkeka wa heshima kama desturi yetu, ule uliochakaa. Nimemwambia navaa shati. Dirishani namwona Lavinia. Kafungua banda, kamfunga nguruwe wetu kamba, kasimama naye hapo, ananitazama.

Kalolaine anaita tena. "Feleti, mwanangu, twende, jua linakuwa kali."