Chumba Kisichoruhusu Kikohozi

Champion Reef, Kolar
2 Januari 2014

Mwanangu Thenmozhi,

Hujambo huko Bengaluru? Sisi tupo, mama yako anakusalimu. Simu siiwezi, masikio yaliharibiwa na baruti za mgodini, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu. Kifua ni kile kile, vumbi la mawe halitoki. Sikukuu ya mavuno, Pongal, imekaribia na kwa miaka miwili hujaonja wali mtamu wa mama yako. Majirani wananiuliza hiyo darubini mnayoitengeneza itaona nini huko juu kisichoonekana kutoka kwenye paa la nyumba. Nimewaambia binti yangu atakuja kueleza mwenyewe. Usiniaibishe.

Baba yako,
Perumal

Bengaluru
8 Januari 2014

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naja, tena wiki nzima. Waambie hivi: nyota changa zenye joto kali hutoa mwanga ambao hewa yetu huuzuia usitufikie. Ndiyo maana darubini lazima ipande juu ya hewa. Kazi yangu ni kulinda vioo vyake. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuipofusha, basi tunaingia kwenye chumba cha vioo tumefunikwa kama maiti, macho tu ndiyo yanaonekana. Mwenye mafua haingii. Mkubwa wangu ameguna kunipa likizo, maana vioo vinafungwa kwenye darubini mwaka huu.

Binti yako,
Thenmozhi

Bengaluru
21 Mei 2014

Baba,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Mimi si mzima. Nakohoa tangu Machi, nikadhani ni uchovu. Nimepimwa: kifua kikuu. Siku hiyo hiyo nimetolewa kwenye chumba cha vioo na nafasi yangu kapewa mwingine. Miaka sita ya kazi, Baba. Wenzangu wanane nao wamepimwa, mmoja wao ana mtoto mchanga. Sasa wakiniona wanapita mbali. Daktari ameuliza nani nyumbani anakohoa. Nikamwambia ni baba yangu, lakini kikohozi chake ni cha mgodi. Anasisitiza upimwe. Nenda wiki hii, na Mama pia. Tafadhali.

Binti yako,
Thenmozhi

Champion Reef
3 Juni 2014

Mwanangu,

Dawa unameza? Unakula? Mama yako amepimwa, hana. Mimi sikwenda, kwa sababu nilishapimwa Desemba. Daktari aliniambia wazi kwamba ninacho, nikae mbali na watu mpaka dawa zifanye kazi. Kadi ya hospitali niliificha nyuma ya saa ya ukutani, hata mama yako hakujua. Ningekuambia, usingekuja, na nilidhani hiyo ndiyo Pongal yangu ya mwisho. Ulipokuwa unanilisha wali kwa mkono wako nilitaka kusema. Nikafungua mdomo, nikala.

Sina la kujitetea. Niandikie hata tusi.

Baba yako, kama bado unaniita hivyo

Bengaluru
30 Septemba 2015

Baba,

Mama ananiambia sasa unapumua kwa mtungi wa oksijeni. Mimi nimepona, pafu la kulia limebaki na kovu. Barua zako zote nane nimezisoma.

Juzi roketi ilipaa, na darubini imefika salama. Wenzangu walikuwa ukumbini. Mimi niliitazama kwenye televisheni ya kantini, nimesimama na wapishi. Mmoja akaniuliza, “Dada, wewe si ndiye uliyekuwa unafuta vile vioo?” Nikamwambia hapana.

Tusi uliloomba nimelijaribu mara tatu, nikachana karatasi. Sijakusamehe. Nakuja Jumamosi kwa treni ya asubuhi. Nitakaa nawe mpaka mwisho, na hasira yangu nakuja nayo.

Thenmozhi