Uliwaambia Wote Isipokuwa Mimi

Salim, omera, ndugu yangu,

Nina hasira na wewe, na nimechoka kuificha. Miezi minne sasa watu wananipa pole, wananiambia umepumzika, nami naitikia kwa kichwa kama mtu mstaarabu. Lakini wewe unanijua.

Ulijua unakufa. Mercy alijua. Bonface alijua. Meza nzima ya mchezo wetu ilijua isipokuwa mimi. Mimi muuguzi, ninayewahudumia wagonjwa wa figo kama wewe kila siku kule hospitali ya Kombewa!

Ile Jumamosi ya mwisho nimeirudia kichwani mara nyingi. Tulikuwa sebuleni kwa mama yako, mtaani Nyamasaria, saa tisa mchana, chai na mahamri mezani, kama miaka sita yote tuliyocheza mchezo wetu wa hadithi. Wewe msimulizi, sisi watatu kila mmoja na mhusika wake. Unatueleza tulipo, tunasema tutakachofanya, dadu zinaamua kama tumefaulu, hadithi inasonga. Ule mji wetu wa kubuni, kando ya ziwa lililokauka, tuliujenga sote wanne. Hakuna kichochoro chake nisichokijua. Nahodha Okello wangu alitafuta maji humo miaka yote hiyo.

Siku hiyo ulimpa Mercy ufalme. Bonface akampata ndugu yake aliyepotea. Mercy akatokwa na machozi, nami nikamcheka: "Unamlilia malkia wa karatasi?" Akajifuta macho. Zamu yangu ilipofika, ukasema Okello ameyaona maji, amejenga nyumba, amestarehe. Basi.

"Acha nirushe dadu," nikasema.

Ukazifunika kwa kiganja. "Hapa hakuna dadu, Ochi."

"Basi wewe ni tapeli."

Nilikuita hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba msimulizi hamwamulii mchezaji, halafu ukaniamulia. Nikakunja karatasi yangu, nikatoka bila hata kumuaga mama. Uliniita mara moja. Sikugeuka.

Siku kumi na moja baadaye Mercy alinipigia simu nikiwa wodini. Nilipofika mjini ulikuwa umeshazikwa. Bonface alikuwa miongoni mwa waliokubeba, Bonface wa kwaya ya kanisa, kichwani kofia ya Kiislamu aliyoiazima wiki nzima kabla, maana alijua ataihitaji.

"Mlijua?" nikamuuliza.

"Tulijua," akasema.

Mercy ndiye aliyenipa maneno yako: "Ochi akijua, nitapoteza mchezaji nipate nesi." Aliniambia kama mtu anayekabidhi zawadi. Ati ulitaka abaki mtu mmoja wa kubishana nawe kama zamani. Kwa hiyo wao walipata kukuaga, mimi nikapata kukutukana. Nimeyageuza maneno hayo kila upande, Salim. Upendo nauona. Lakini yananiuma vilevile. Ungeniambia, ningekuja siku zako za kusafishwa damu, nikakaa kando ya kitanda na kukubishia hapo hapo. Ningeweza kuwa vyote viwili. Hukuniuliza.

Mama yako alinipa madaftari yako ya mchezo. Mercy na Bonface wakaniomba niwe msimulizi. Nilikataa mara tatu. Jumamosi iliyopita nikaenda, na kabla hatujaanza nikawaambia, "Hasira yangu kwenu haijaisha. Kuanzia leo, mtu akiumwa, anasema."

"Tulikukosea, Ochi," Bonface akasema. Mercy akanimiminia chai, na nusu ikaenda kwenye kisosi.

Nikafungua daftari. Ulikuwa mwandiko wako. Halafu tukacheza kwa saa mbili. Nilisahau kanuni nyingi, nikawachanganya walinzi na wafungwa, mpaka Mercy akacheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Nikacheka pia. Nikakukasirikia tena kwa kukosa kuwepo.

Sijakusamehe. Siwezi kukudanganya kwa sababu tu umelala. Lakini nakuahidi mji wetu sitaufunga, na Mercy na Bonface sitawaacha. Ijumaa nitakuja makaburini, niseme kwaheri ambayo wenzangu walipata kuisema. Huenda nikaanza kwa kukufokea. Unisikilize hivyo hivyo.

Lala salama, ndugu yangu.

Ochi